Mwanasesere Aliyesikia Kila Kitu

Majira ya baridi, hakuna bibi wa kijiji cha Galmae anayeshinda nyumbani kwake. Mafuta ya kupasha moto sakafu ili nyumba isiwe na baridi ni ghali, kwa hiyo wote hukutana kwenye ukumbi wa kijiji, wakala pamoja na kucheza karata mpaka jioni. Wilaya nzima inalijua hilo, isipokuwa kampuni iliyoleta wanasesere.

Kila bibi anayeishi peke yake alipewa mmoja, mwenye mashavu mekundu na masikio ya umeme. Asiposikia sauti nyumbani, huuliza kwa kelele, "Bibi, uko salama?" Asipojibiwa, huwapigia simu watoto mjini. Wiki ya kwanza watoto walilia wakidhani wamefiwa, kumbe mama zao wako ukumbini wanagombania karata. Mabibi wakaona isiwe taabu. Wakawa wanawabeba wanasesere mgongoni kila asubuhi na kuwapanga kwenye ukuta wa ukumbi. Simu zikakoma, na kampuni ikajisifu kwamba upweke umekwisha Galmae.

Siku watu wa televisheni walipokuja ukumbini kurekodi habari za wanasesere, Gwi-rye alikuwa na mafua. Jirani yake Sun-im alimpitia kama kawaida.

"Leo siendi, mdogo wangu," Gwi-rye alisema. "Mchukue huyu mbea, ananiuliza hali tangu alfajiri."

"Na uso wako kwenye televisheni, dada?"

"Uso huu? Watu watazima!"

Sun-im alicheka, akambeba mwanasesere, akaahidi kuleta uji wa maboga adhuhuri.

Adhuhuri ikapita. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni hawa walikula uji wote wakakomba na sufuria. Kisha mwandishi wa habari akamshika Sun-im mkono.

"Bibi, mbusu tena mwanasesere. Ulifumba macho."

"Mwanangu, nina mgonjwa ananisubiri. Gwi-rye, wa nyumba ya mtoni."

Bwana Tak wa kampuni akafungua simu yake, inayopokea taarifa za kila mwanasesere. "Gwi-rye? Huyu hapa. Ni mzima kabisa! Ameongea tangu asubuhi, amecheka sana."

Sun-im akajiuliza: Amecheka na nani? Akageuka kutazama ukutani. Mwanasesere wa Gwi-rye alikuwa ameketi pale katikati ya wenzake, akisikiliza kicheko cha mabibi na kukiandika kuwa ni cha Gwi-rye. Sun-im hakukumbuka viatu mlangoni. Alitoka mbio na soksi kwenye theluji.

Alimkuta jikoni, kaanguka, nyonga imevunjika, midomo imegeuka rangi. Alikuwa bado anapumua.

"Nimeita sana," Gwi-rye alinong'ona. "Nimemwita hata yule mbea, nikasahau umemchukua."

Maneno hayo yalimchoma Sun-im kama kisu. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyombeba. Kabla hajajibu, taa ya kamera ikawaka nyuma yake.

"Bibi, unajisikiaje wakati huu?"

"Nitakuvunjia hilo dude! Liweke chini, kaite gari la wagonjwa!"

Jioni habari ikatoka: mwanasesere amwokoa bibi wa Galmae. Picha zilimwonyesha Sun-im akibusu mashavu mekundu, kisha akikimbia kwenye theluji, na sauti tamu ikaeleza kwamba mwanasesere ndiye aliyemtuma. Wilaya ikatangaza kuagiza wengine kwa vijiji vyote vya bonde lile.

Kesho yake Sun-im alikwenda hospitali na uji mpya. Gwi-rye alikuwa usingizini kwa dawa. Binti yake Mi-suk, aliyefika kutoka Seoul, alikuwa amemkumbatia mwanasesere, macho yamevimba kwa kulia.

"Mama mdogo, bila huyu leo tungekuwa tunazika. Nimeomba mama aongezewe wa pili, wa jikoni."

"Mwanangu, huyu hakuwa nyumbani. Alikuwa ukumbini na sisi. Mimi ndiye niliyemchukua. Hakumsikia mama yako hata kidogo."

Mi-suk akamtazama kwa huruma, namna watu wanavyowatazama wazee walioanza kuchanganyikiwa, akampokea sufuria ya uji.

"Kaa upumzike, mama mdogo," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe nimeona kwenye habari."