Galbraith wa Hopkins

Katika orodha ya chama chetu cha kufaana, mbele ya jina la Naftali Galbraith, pana mstari usioandikwa kitu. Sisi Wakenya wa Minnesota, tukijiandikisha, kila mmoja hutaja mahali mwili wake utakapopelekwa akifa: kijiji, na shamba la nani. Wengi hujaza upesi, kama mtu anayeulizwa jina la mamake. Jairus, katibu wetu, amempigia Naftali mara nyingi kuhusu mstari huo. Simu huita mpaka ikanyamaza.

Naftali ana miaka sitini na mitatu na moyo mgonjwa. Kwa miaka ishirini na zaidi amekuwa akiogesha na kulisha wazee wa watu wengine katika vitongoji vya magharibi mwa Minneapolis. Ni mrefu, mweupe kidogo wa ngozi, na alikuwa na majivuno yaliyotuchekesha. Kanisani tulimwita Mskoti, naye aliitika.

Hadithi aliyoirithi ilikuwa fupi. Babu yake alilelewa na seremala Mskoti katika misheni moja huko Nyeri, na siku ya ubatizo akapewa jina la seremala huyo. Seremala hakuwa na mke. Babu alikuwa mweupe. Watu wakajumlisha, wakasema ni mwanawe. Babu mwenyewe hakukubali wala hakukanusha. Baba yake Naftali ndiye aliyekubali kwa niaba yake. Tangu hapo nyumba yao ikaacha kujihesabu katika mbari yoyote, yaani watu wa babu mmoja na ardhi moja. Baba alipokufa alizikwa katika makaburi ya umma mjini, kama mtu aliyeokotwa. Naftali alipopata binti, hakumpa jina la mama yake mzazi kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Alimwita Fiona. Mama yake Naftali alinuna mwaka mzima.

Mwaka 2011 tulikuwa sebuleni kwake Hopkins, tukila nyama kwa kuhitimu kwa Fiona, simu ikalia kutoka Kenya. Naftali akaiweka kwenye spika ili sote tusikie. Aliyepiga alikuwa mzee wa mbari fulani, sauti yake nyembamba lakini haina haraka.

"Mwanangu, babu yako ni mtoto wetu. Alipelekwa misheni mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya wazungu, ili asife. Sasa tunagawa ardhi. Njoo tukuchinjie kondoo, uingie nyumbani."

"Mzee, umekosea namba," Naftali akasema, huku akitukonyeza. "Mimi ni Galbraith. Ardhi yangu iko Skotland, kando ya ziwa."

"Mwambie amlete huyo kondoo huku," Philister, muuguzi mwenzake, akadakia. "Sisi tutamla kwa niaba yako!"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Yule mzee akangoja tumalize.

"Haya, mwanangu," akasema. "Tumekuita." Akakata simu.

Mwaka juzi, katika nyumba ya wazee ya Saint Louis Park alikofanya kazi, aliletwa mzee mpya: Gregory Galbraith, miaka tisini na mmoja, mguu mmoja hauna nguvu. Akasoma kibandiko cha jina kifuani mwa Naftali.

"Binamu! Jua limekuchoma wapi namna hiyo?"

"Nyeri, binamu. Nyinyi mlikimbilia baridi, sisi tukakimbilia jua."

Gregory alikuwa na kitabu cha ukoo wake, kilichochapwa na jamaa zake wenyewe. Baada ya kumlisha na kumpangusa kidevu, Naftali alimsomea kwa sauti. Kitabu kilieleza kwamba jina Galbraith Wagaeli, watu wa Skotland ya kale, waliwapa majirani wenye lugha nyingine, na kwamba maana yake ni Mbritoni mgeni, yaani mtu asiye wa kwao. Watu hao waliishi karibu na Ziwa Lomond, kisha wakatawanyika. Wengine walivuka kwenda Ireland, wengine Kanada. Kina Gregory wakaja Minnesota kukata miti. Karibu na mwisho palikuwa na mistari miwili kuhusu seremala aliyekwenda Afrika na misheni. *Hakuacha mtoto.*

Naftali alisoma mistari hiyo mpaka akaijua kwa moyo. Susan, binti wa Gregory, alikuwa akitayarisha toleo jipya la kitabu, na Naftali akamwomba amwandike babu yake humo. Hakuomba kingine.

"Tupime mate, yako na ya baba," Susan akasema. "Mkionekana ndugu, nitakuandika mwenyewe."

Majibu yalikuja Machi. Susan alimpa karatasi wakiwa wamesimama kwenye korido. Hapakuwa na undugu na Gregory, wala babu yeyote kutoka Ulaya. Weupe wake ulikuwa weupe wa Nyeri tu.

"Pole sana, Naftali. Kwetu wewe ni rafiki."

Alimshukuru. Akarudi chumbani kubadilisha mashuka.

"Binamu, leo umechelewa," Gregory akamwambia.

Siku hiyohiyo alimpigia dada yake Wairimu, aliye Nyeri. Maneno waliyosema alinisimulia mwenyewe Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, garini mwangu, akiangalia theluji iliyochafuka ukingoni mwa maegesho.

"Nitafutie namba ya yule mzee."

"Mzee yupi? Wa kondoo? Alikufa zamani."

"Basi mwanawe."

"Ardhi iligawanywa, Naftali. Kila mtu ana hati yake na ua wake. Mimi nilikwenda, baada ya wewe kukataa. Mjane wake alinipa chai. Akaniambia, mliitwa mbele ya watu, mkacheka mbele ya watu. Na aliyejua mama wa babu yenu ni nani, tumeshamzika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Mskoti?"

Niliwasha gari ili tupate joto. Hata mimi nilikuwa mezani siku ile, mdomo umejaa nyama. Alisema Fiona amemwambia, kwa Kiingereza, kwamba watu huzikwa popote, baba, hata hapa. Aliniuliza kama naikumbuka sauti ya yule mzee. Nilisema naikumbuka. Akafungua mlango akashuka.

Mwezi wa Aprili aliacha kazi Saint Louis Park, asiitwe tena binamu. Siku hizi yuko katika nyumba nyingine ya wazee, Maple Grove, zamu ya asubuhi, na anaishi peke yake Hopkins, ghorofa ya pili. Mstari wake katika orodha ya Jairus bado hauna kitu.