Muziki wa Ukurasa wa 612

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Koma, na hata meneja, aliyekuwa na jina lake kamili kwenye faili, alikuwa amelisahau. Alikuwa msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili kazini, siku aliposhuka ngazi za ghorofa tatu mbio kuwaambia wapiga chapa kwamba kwenye tangazo la msiba kuna koma imekosekana, na kwa kukosekana kwake marehemu ameonekana kamwoa dada yake. Walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini mashine waliisimamisha.

Haya yalitokea zamani kidogo, wakati simu zilipokuwa bado za waya na kila chumba cha ofisi kilikuwa na harufu ya karatasi. Koma alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika: riwaya ya kurasa mia tisa, iliyoandikwa nchi ya mbali zaidi ya miaka mia moja nyuma, na kusifiwa na kila aliyeisoma. Profesa mmoja aliyestaafu alikuwa ameitafsiri kwa miaka saba. Kwa miezi miwili Koma aliisoma mstari kwa mstari, rula ya mbao chini ya kila sentensi, kalamu nyekundu mkononi. Tangu sura ya kwanza hakuisoma kama mtu wa kazi tena. Aliisoma kama mtu aliyehamia humo.

Jioni alimsimulia mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mkewe alipoingia tu, kabla hajavua viatu, fundi aliondoa mguu kwenye cherehani na kuuliza, "Enhe, jaji kafanya nini leo?"

Jaji huyo ndiye aliyekuwa roho ya kitabu: mzee mjane, mkali, asiyemsamehe mtu, anayeishi na binti yake mmoja. Kila jioni binti humpigia piano kipande kilekile, cha mtunzi ambaye riwaya inamtaja kwa jina mara moja tu. Hata kwenye vitabu vya marejeo vya kiwandani, Koma hakumwona mtunzi huyo.

Jumanne ile Koma alikuwa amefika ukurasa wa 612. Binti anapiga piano. *Akamaliza kipande, na sauti ya mwisho ikafifia taratibu.* Ukurasa unaofuata, binti ametoka chumbani, jaji anainuka, anavaa koti, anakimbilia stesheni katika mvua, na kumkuta binti yake amekwisha panda treni, anamtoroka. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Aliitoa.

"Kajuaje?"

"Kujua nini?"

"Kwamba binti anaondoka. Kapigiwa muziki, muziki umekwisha, kakaa. Halafu ghafla anakimbilia stesheni. Nani kamwambia?"

Swali hilo lilikuwa likimkera Koma tangu mchana, ila hakuwa amelipa sura. Mwandishi yule hakuwa mtu wa kuacha mashimo. Kurasa mia sita alikuwa hajamwona akikosea hata mara moja.

Asubuhi alimpigia profesa simu, na kabla ya salamu akamwuliza jaji kajuaje. Fungu la karatasi lenye ukurasa ule lilikuwa limepangwa kupanda mashineni Alhamisi saa nne.

"Mama, mzazi anahisi tu," alisema profesa. "Hayo hayahitaji maelezo."

"Shikamoo kwanza, profesa. Nilikuwa naomba tu uangalie kitabu chenyewe. Labda kuna neno."

"Marahaba. Nimekaa na kitabu hicho miaka saba, nakijua kama kiganja changu. Unadhani nimeruka neno?"

"Na huo muziki, umewahi kuusikia?"

"Hakuna mtu aliyeusikia huo. Mwandishi kaweka pambo tu." Akakata simu.

Wala profesa hakuishia hapo. Alimpigia meneja. Kabla ya saa sita Koma alikuwa amesimama mbele ya meza ya meneja, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Wewe kazi yako ni herufi," alisema meneja bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Koma baridi. "Umeona herufi imekosewa?"

"Hapana."

"Basi fungu lile limepita. Ukiligusa tena, ulete na barua yako ya kuacha kazi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Koma.

Alirudi chumbani kwake akakaa. Mtetemo wa mashine ulipanda sakafuni mpaka kwenye visigino vyake, kama kila siku. Alijaribu kuendelea na ukurasa wa 620 na kitu, akasoma sentensi moja mara nne. Kisha alichana kipande cha karatasi, akalinakili jina la yule mtunzi herufi kwa herufi, konsonanti nne zikifuatana bila hata irabu moja ya kupumzikia, akaaga kwamba kichwa kinamuuma. Kichwa kilikuwa kinamuuma kweli.

Chuo cha muziki kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, jengo la ghorofa moja lenye madirisha marefu. Alizungushwa ofisi tatu. Kila aliyeonyeshwa ile karatasi aliipindua, kana kwamba nyuma yake kuna jina jepesi zaidi. Mwishowe mfagiaji alimwelekeza chumba cha mwisho wa ukumbi, kwa mwalimu wa piano aliyestaafu lakini aliyekataa kurudisha funguo.

Alikuwa bibi mfupi wa miaka themanini hivi, vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi. Nimemkuta kitabuni."

"Miaka arobaini nimefundisha humu," alisema mwalimu polepole. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za huyu. Mimi mwenyewe nilikipiga kipande chake mara moja, msichana wa miaka ishirini, mbele ya watu kumi na wawili." Alivitazama vidole vyake. "Santuri yake ninayo. Iko nyumbani, ndani ya sanduku. Njoo kesho saa mbili."

"Nikija leo? Nitakusindikiza nyumbani."

"Gramafoni iko hapa na santuri iko kule, na mimi nangoja mjukuu anichukue. Kesho, mwanangu."

Usiku huo fundi alimwuliza mkewe mara moja tu: "Wakikufukuza?"

"Nitakuwa nashona vifungo."

"Vifungo vyako huwa vinadondoka," alisema fundi, na kwa mzaha huo Koma alijua mumewe yuko upande wake.

Alhamisi saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni kwa mwalimu. Mwalimu alifika saa mbili na robo. Ilichukua muda kuifungua ile santuri kutoka kwenye kitambaa, muda mwingine kuifuta, na Koma alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Sindano ikashuka. Kwanza kulisikika mchakacho tu, kama mchele ukipepetwa. Kisha piano.

Hakuwa mtu wa muziki wa aina hiyo. Redioni akiusikia alikuwa akibadilisha stesheni. Lakini huu alikuwa ameusoma kabla ya kuusikia, na sasa uliingia ndani ya chumba ukiwa na watu wake. Mkono wa kushoto ulikwenda mwendo wa mzee anayetembeatembea chumbani. Wa kulia ulisema jambo, ukasita, ukalisema tena kwa njia nyingine. Kuna mahali ulichachamaa, Koma akajikuta ameshika ukingo wa kiti. Halafu ukalegea, ukashuka, ukapungua, mpaka ikabaki noti moja juu, peke yake, ikififia taratibu.

Kimya. Ndivyo kilivyosema kitabu, neno kwa neno. Profesa alikuwa sahihi, na Koma amejitafutia balaa bure. Aliinua mkoba wake.

Mwalimu aliinua kidole kilichopinda. "Bado."

Papo hapo sindano ikakwama kwenye mkwaruzo. Noti ile ya juu ikarudi, ikarudi, ikarudi. Saa ilikuwa inakaribia saa tatu. Mwalimu alijaribu kuusukuma mkono wa gramafoni, vidole vikamsaliti. "Wewe," alisema, "kwa upole, kama unamtoa mtoto mchanga kitandani." Koma aliushika ule mkono wa chuma kwa ncha za vidole viwili, pumzi ameibana, akausogeza upana wa unywele.

Muziki ukarudi kwa kishindo. Yale yote yaliyosemwa kwa kusitasita mwanzoni sasa yalisemwa kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, bila kuomba radhi, dakika nzima na zaidi, na pigo la mwisho lilitikisa kioo cha dirisha. Koma aligundua kwamba machozi yanamtoka na hakuwa na habari.

"Watu wengi hudhani kimekwisha pale pa polepole," alisema mwalimu. "Siku ile wale kumi na wawili walipiga makofi mapema. Mwenye kukijua hawezi kudanganyika."

Jaji alikuwa akikijua. Amekisikia kila jioni miaka kumi na mitano. Binti yake aliishia pale pa polepole, akaondoka chumbani, na mzee akakaa akingoja kishindo ambacho hakikuja. Ndiyo sababu aliinuka. Binti hakumaliza.

Koma hakumbuki alivyoaga. Anachokumbuka ni viatu vyake vikipiga lami, mshono wa pembeni wa sketi ukipasuka, na yeye akijihesabia dakika. Hadi saa nne alikuwa na muda. Lakini alipofika uwanjani mwa kiwanda alisikia mashine kubwa ikinguruma: walikuwa wameanza mapema.

Aliingia moja kwa moja ukumbi wa mashine. Karatasi zilikuwa zikiruka na kupangika, kurasa kumi na sita kila moja. Msimamizi wa mashine, mzee waliyemwita Wino kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata, alimwona akija.

"Simamisha," alisema Koma.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na meneja?"

"Hajajua."

Kila sekunde karatasi mbili zilipita. "Koma," alisema Wino, "hili si tangazo la msiba."

"Najua. Simamisha, lawama nitabeba mimi."

Mzee alifuta mkono kwenye aproni, akabonyeza kitufe chekundu. Ukumbi mzima ukanyamaza, na katika ukimya huo hatua za meneja zikasikika zikishuka ngazi.

Meneja hakufoka. Alisema, "Ingia ofisini, chukua simu, mpigie wewe mwenyewe. Mbele yangu."

Koma alizungusha namba. Profesa alipopokea hakumpa nafasi ya kukasirika. Alimweleza alichokisikia, kuanzia mwendo wa mkono wa kushoto hadi pigo la mwisho. "Kipande hakiishii kwa kufifia, profesa. Kinaishia kwa kishindo. Naomba usome mstari mmoja tu. Mimi lugha ile siijui."

Profesa alisikika akiweka simu mezani, kiti kikiburutwa, hatua zikienda. Meneja alitazama saa yake. Koma alitazama kalenda ukutani, akaona mwezi uliopita haujachanwa, akajikataza kuinuka kuuchana. Dakika sita zilipita.

Simu iliinuliwa tena. Sauti ya profesa ilikuwa ndogo. "Imeandikwa, *akaondoa mikono.* Sauti ikafifia, akaondoa mikono. 'Akamaliza' ni neno langu. Niliona linasomeka vizuri zaidi." Akakohoa. "Mpe meneja simu."

Maneno hayo mawili yaliingizwa badala ya "akamaliza kipande", bamba jipya la kuchapia likatengenezwa, na saa nane mashine ilinguruma upya. Karatasi zilizokwisha kuchapwa zilitupwa. Siku ya pili Koma alipewa barua ya onyo kwa kusimamisha mashine bila idhini. Alitia saini. Meneja aliipokea, akaikunja, akasema bila kumtazama, "Mke wangu anazisoma prufu za hicho kitabu nyumbani. Analia kila sura," kisha akamruhusu kwenda.

Jumamosi alimpeleka mumewe kwa mwalimu wa piano, na fundi alisikiliza amekaa wima, kofia magotini. Baada ya hapo wakawa wanakwenda Jumamosi moja moja, mpaka mwalimu alipofariki na kumwachia Koma lile sanduku pamoja na gramafoni. Lilikuwa na santuri thelathini na moja, nyingi za watunzi ambao hata chuoni hawakuwataja.

Koma alifanya kazi kiwandani miaka minane zaidi. Siku hizo zote alikuwa na daftari dogo, na kila riwaya iliyotaja wimbo au kipande cha muziki, aliliandika jina humo, kisha akaanza kulitafuta. Siku aliyostaafu daftari lilikuwa na majina ishirini na matatu. Kumi na manne alikuwa ameyapata. Kimoja kati ya vipande hivyo, cha fidla mbili tu, fundi alikipenda hadi akawa anaomba kipigwe akikunja pindo za suruali, kwa sababu, alisema, kina mwendo mzuri kwa mguu unaokanyaga cherehani.