Casilda Magallón na mto unaotakiwa na meli

Jua halijatoka vizuri, na Casilda Magallón yumo ndani ya maji hadi mapajani, bega lake limeegemea mtumbwi. Kiangazi kimeunyonya mto Jobo mpaka mawe yametokeza kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Abiria wanne wamekaa juu ya magunia ya mihogo. Mmoja wao, mwanamume aliyekuja kumzika shangazi yake, amevaa viatu vipya na hataki kuvilowesha.

"We mwenye viatu," Casilda anamwita bila kugeuza shingo, "shuka usukume. Au unangoja bwawa lijae ndipo tuelee?"

Wenzake wanacheka. Mwenye viatu anavivua, anakunja suruali, anashuka. Mtumbwi unakwaruza mawe, unapita.

Mizaha mingine yote imekwisha kijijini kwao Guayabalito. Umebaki huo wa bwawa.

Casilda ana miaka hamsini na saba. Thelathini kati ya hiyo ameimaliza kwenye mtumbwi huu wa gogo moja, uliochongwa na marehemu mumewe na kufungwa injini kuukuu nyuma. Anashusha machungwa na mihogo hadi mdomoni mwa mto, anapandisha chumvi, mafuta ya taa, muuguzi wa zahanati, na mara nyingine jeneza. Siku njema humwachia dola kumi na tano baada ya kutoa petroli. Kiangazi, hata tano ni za kuombea.

"Mto huu umenizalia watoto watatu," anasema. "Baba yao alisaidia kidogo."

Mto huo sasa unatakiwa. Hautakiwi na Guayabalito, ambako hakuna bomba hata moja na maji hutekwa kwa ndoo. Unatakiwa na meli.

Tuseme wazi, maana wanaoandika matangazo hawasemi. Mfereji wa Panama hauendeshwi na maji ya bahari. Meli hupandishwa kwa ngazi za maji hadi ziwani, huvuka ziwa, hushushwa upande wa pili, na kila moja inapopita, maji baridi ya mvua, lita karibu milioni mia mbili, humwagwa baharini. Maji ya kunywa hayo. Dunia nzima inategemea njia hii: nafaka, magari, gesi, vitu vya kuchezea watoto wa watu. Mvua ikipungua ziwa hushuka, meli hupanga foleni, na wakubwa wa miji ya mbali hukosa usingizi. Dawa yao ni kuziba mto mwingine kwa bwawa, maji yake yaongezwe ziwani. Safari hii kidole kimeangukia Jobo.

Casilda haoni jipya hapo. Bibi yake, Tomasa, alizaliwa kwenye mji wa kando ya reli, katika bonde ambalo leo ni sakafu ya ziwa hilo la meli. Wakati huo mfereji ulikuwa unachimbwa. Vijana wa Barbados na Jamaika walikuwa wakiripuka pamoja na baruti, wakifukiwa na maporomoko, wakifa kwa homa, maelfu kwa maelfu. Mzungu alilipwa kwa sarafu za dhahabu, mweusi kwa za fedha, na hata posta ilikuwa na dirisha la weupe na dirisha la weusi. Kisha likaja tangazo kwamba bonde litajazwa maji, watu wahame.

"Bibi alikuwa mdogo," Casilda anasimulia, mkono kwenye usukani wa injini. "Anasema watu walicheka. Nani amewahi kuona mto ukipanda mlima? Babu yake akaendelea kupalilia mahindi. Maji yakaja polepole, kidole kimoja, kidole kimoja. Walipoona kenge wamejaa juu ya miti ndipo wakajua wazungu hawakuwa wakitania."

Walikimbilia huku Jobo, ambako hakukuwa na barabara wala mtu wa kuwafukuza. Ziwa lililowazamisha likaitwa maajabu ya dunia. Miaka ikapita, vijana wakafa kwa kudai bendera yao kando ya mfereji huo, mfereji ukarudishwa kwa wananchi, ngoma zikapigwa. Wajukuu wa waliozamishwa walipiga ngoma pamoja na wengine. Hawakujua kwamba siku moja tangazo lilelile litasomwa tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani na kwa sauti ya upole.

Wahesabu wa nyumba walifika Guayabalito mwaka jana. Kampuni iliyopewa kazi hiyo iliwavika kofia na fulana, ikawapa makopo ya rangi nyekundu. Kila nyumba ilipigwa nambari. Yenye nambari italipwa nyumba nyingine huko juu barabarani, pamoja na bei ya shamba. Isiyo na nambari, mwenyewe ajijue. Huo ndio mtego, na kila mtu kijijini aliuona: ukikubali nambari umekubali maji, ukikataa, maji yatakuja vilevile, nawe utatoka mikono mitupu.

Casilda alikataa. Mara tatu walikuja na kopo lao mbele ya mlango wake, ubao mnene wa mwerezi uliopasuliwa na mumewe. Mara tatu aliwafukuza, mara ya mwisho kwa panga.

"Niliwaambia, mlango huu si daftari la shule. Nendeni mkaandike kwa mama zenu."

Kijiji kikagawanyika. Waliokubali nambari na kutia sahihi wakawa wanateka maji juu ya kivuko, wasiotia sahihi chini yake. Wa kwanza kutia sahihi alikuwa Evaristo Gil, baba wa ubatizo wa binti mkubwa wa Casilda. Mke wake Nicanora ana ugonjwa wa figo, na mtu wa figo hawezi kukaa siku nzima mbali na hospitali. Casilda alilijua hilo. Hata hivyo, tangu siku ile hakumpa tena Evaristo salamu, wala hakumwita somo, kama wanavyoitana mzazi na baba wa ubatizo.

Halafu mvua za Novemba zikaangusha kuta za nyumba ya binti huyo, Yaribeth. Alikuwa mjini anajifungua. Aliporudi na kichanga, alikuta nguzo, fito na paa, na udongo wote chini kama ugali uliomwagika. Wahesabu walipopita Januari, kijana wao aliangalia mifupa ile akasema kitu bila kuta si nyumba. Akaenda zake na kopo lake. Yaribeth, ambaye alikuwa tayari kutia sahihi kwa sababu mumewe ana kibarua cha kuchuma kahawa tu, alibaki bila nambari. Raundi ya mwisho ikatangazwa kuwa Jumatatu moja ya Machi.

"Alikuja akalia hapa kwangu," Casilda anasema. "Akaniambia, 'Mama, wewe una hasira, mimi nina mtoto.'"

Kwa hiyo mwanamke aliyefukuza wahesabu kwa panga aliitisha msaragambo ili binti yake ahesabiwe.

Kukandika nyumba huko ni kazi ya siku moja na ya watu wengi. Mwenye nyumba huchimba udongo na kukata majani, hupika supu ya kuku na viazi vikuu, huandaa togwa. Majirani huja bila malipo. Malipo ni wewe kwenda kwao siku yao. Hukanyaga udongo kwa duara, wameshikana mabega, na hakuna anayetia mguu kabla mtu mmoja hajapiga ukemi, sauti ndefu inayopanda na kuvunjika kooni. Kwa miaka yote mpiga ukemi wa Guayabalito ni Evaristo Gil.

Jumamosi ile walikuja watu wanane. Wote wasiotia sahihi, wengi wazee. Ukuta wa nyumba nzima unahitaji thelathini. Waliosaini walisimama ng'ambo ya kijito, mikono nyuma, wakitazama.

"Tuanze," alisema mtu.

"Nani apige ukemi?" aliuliza mwingine. Supu ikachemka. Kichanga kikalia.

Evaristo akavuka kijito. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Hakuangalia mtu.

"Miguu yako bado ni yako, somo?" Casilda alimwuliza. "Au nayo umeitia sahihi?"

"Niliuza shamba," Evaristo alijibu. "Miguu walisema imechakaa, hawaitaki."

Ulikuwa mzaha mchungu, lakini ulikuwa mzaha. Akaingia katikati ya udongo, akapiga ukemi wake. Wale wa ng'ambo wakavuka mmoja baada ya mwingine, wakivua viatu njiani. Saa sita walikuwa zaidi ya arobaini, na Nicanora, uso umevimba, ameketi kwenye kigoda akiwakosoa wote: "Wewe Chencho, unakanyaga au unabembeleza?"

Hapo ndipo walipokosea. Kila mtu wa Jobo anajua kwamba hukandiki ndani na nje siku moja. Unakandika upande mmoja, unauacha ukauke wiki mbili, ndipo unarudi. Lakini walikuwa hawajashikana mabega zaidi ya mwaka mzima, na hakuna aliyetaka siku ile iishe. Walimaliza ndani, wakaenda nje, wakalainisha kwa viganja hadi jua likazama. Nyumba ilisimama nzuri, nene, na mbichi kama keki.

Jumatatu kijana wa kopo alifika. Aliona kuta, akasema vizuri, hongera. Akachovya brashi. Nambari 114 ikateleza ukutani pamoja na bonge la udongo, ikaanguka miguuni pake. Akajaribu upande mwingine. Ikaanguka tena.

"Mama, rangi haishiki," alimwambia Casilda. "Lazima nipige picha ya nambari ikiwa juu ya nyumba. Siwezi kupeleka picha ya tope."

"Rudi baada ya wiki mbili."

"Leo ndiyo mwisho. Mimi nimetumwa tu, mama."

"Hata waliomzamisha bibi yangu walitumwa tu, mwanangu."

Yaribeth alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango. Mlango hutiwa kuta zikikauka. Casilda aliwatazama wote, akaondoka. Waliosikia wanasema zilisikika kelele za nyundo kwenye bawaba. Alirudi na ubao wa mwerezi kichwani, akauegemeza kwenye uwazi wa nyumba ya binti yake.

"Andika," alisema.

Evaristo alitaka kuushika usianguke. Casilda akamzuia. Aliushika mwenyewe, mikono miwili, mpaka kijana akamaliza tarakimu ya mwisho na kupiga picha yake.

"Na wewe, mama?" kijana aliuliza akifunga kopo. "Nyumba yako niipe ngapi?"

"Yangu haina mlango. Utaandika wapi?"

Leo Yaribeth ana karatasi inayosema atapewa nyumba. Casilda hana. Amening'iniza blanketi mahali pa mlango, na upepo wa kiangazi unaingia unavyotaka. Ukimwuliza kama anajuta, anatema mate mtoni. Ameanza kuongea na Evaristo, kwa kifupi. Wiki ijayo Evaristo na Nicanora wanahamia karibu na hospitali. Jumamosi nyingine ya kukandika, kama itakuwapo, haijulikani nani atapiga ukemi.

Mtumbwi unafika kwenye maji mapana, na abiria wanashuka. Casilda anazima injini, anafuta jasho kwa kanga ya kichwa, na kusema mpango wake. Mwezi ujao, mvua zikianza, watu wa Jobo watashuka na mitumbwi yote, ya waliotia sahihi na ya wasiotia, waiache mdomoni mwa mto, wapande lori hadi Gatún, kwenye mfereji, wasimame kando ya ngazi za maji na mabango yao. Yeye hajui kama kutasaidia. Anajua tu kwamba lazima aende, maana katika miaka yake yote, na mfereji uko umbali wa siku moja, hajawahi kuona hata meli moja ikipita.

"Wanasema ni ndefu kuliko kijiji chetu, na imepangwa orofa kwa orofa," anasema. "Nataka niione inavyokunywa. Nitasimama hapo chini niangalie kama kuna mtu huko juu atakayechungulia."