Mashine ya Mjerumani na Swali Nililomuuliza Omoding

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani naacha kazi iliyo mkononi na kutazama barabara. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Malaba, malori yakipanga foleni kutoka mpakani hadi karibu na soko, na mimi nikiwa kijana wa kutembea kifua mbele, na mdomo mbele ya kifua.

Wengi wenu mnanijua kwa jina lililopakwa rangi ukutani. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina garaji mbili, moja Malaba na nyingine Busia, na gari likitoka kwangu, mwenyewe akisimama kando yake anajiona mpaka meno. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia ni haki yangu. Kwenye harambee nikipewa nafasi huwa nasema hakuna mtu aliyenishika mkono. Watu wanapiga makofi. Leo acha niseme kweli: yuko aliyenishika mkono. Aliitwa Omoding.

Omoding alikuwa mtoto wa mjomba wangu, ndugu ya mama. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto wa mpaka, upande wa Tororo, akaolewa huku wakati watu hawajaanza kuuliza mto ni wa nani. Miaka ile mambo ya ng'ambo yaliharibika. Wanajeshi walimchukua kaka yake Omoding, na hakurudi. Omoding akavuka akaja kwetu na shati alilovaa. Mama akampa kitanda katika chumba changu, akaenda kumwambia naibu wa chifu kwamba ana mtoto mwingine nyumbani, basi. Kipande, yaani kitambulisho, hakuwa nacho. Na mtu asiye na kipande siku zile, akishikwa, alirudishwa alikotoka, kwa wale wale aliowakimbia.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Malaba mtu haulizwi mbele za watu amezaliwa upande gani. Sisi Wateso tuko huku na tuko kule, koo zile zile, babu amezikwa kule na nyanya huku. Askari akiuliza habari za mtu, jirani yeyote anajibu, "Huyu ni wa upande wa mama." Halafu mwenye nyumba anaitikia, "Ndiyo, ni wa upande wa mama," na maneno yanaishia hapo, kwa sababu ni nani asiye na upande wa mama? Hakuna aliyetufundisha kusema hivyo. Tulikua tukisikia.

Kazi yetu ilikuwa kung'arisha magari kwa mkono, kwa vitambaa vya blanketi kuukuu. Omoding ndiye alikuwa mkono, mimi nilikuwa mdomo. Mimi nilisimama barabarani nikiwasifia watu magari yao mpaka wanaona aibu kupita bila kuyaosha. Yeye alipiga polishi. Na alikuwa na mkono, mwanangu. Akimaliza kitako cha gari alikipitishia ncha za vidole huku amefumba macho, na mahali palipobaki na ukungu alipajua hivyo, bila kutazama.

Lakini mkono huchoka, na magari yalizidi. Tukakubaliana kununua mashine ya polishi. Stima tulikuwa tumeshaivuta kutoka kwa jirani mwenye kinu cha kusaga unga. Mhindi mmoja wa duka la hadiwea pale Busia alikuwa na mashine mbili, na kwa kuwa alitujua, akatuambia tuzichukue zote, tuzijaribu, halafu tumrudishie moja kabla hajafunga duka. Moja ilikuwa kubwa, nzito, imechongwa ubavuni kwamba imetengenezwa Ujerumani. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijani, imetoka Japani.

Sasa ujue Japani wakati ule ilikuwa nini kwetu. Pikapu zao zilikuwa zimeanza kuonekana, na sisi tuliziita makopo. Tulisema ukiegemea mlango unabonyea, ukipiga chafya taa inaanguka. Kwa hiyo mimi nilishachagua tangu dukani. Nilitaka watu waseme, wale vijana wa Malaba wana Mjerumani.

Gari la kujaribia lilikuwa Pijo nyeusi ya mzee mmoja mnunuzi wa mahindi kutoka Chakol. Tulimkalisha juu ya tairi, tukachora mstari wa chaki katikati ya boneti. Upande wa kulia Mjerumani, upande wa kushoto Mjapani. Omoding akashika zote mbili kwa zamu. Watu wakajaa: madereva waliokuwa wakingoja karatasi zao, matanboi wao wa kupakia na kupakua, akina mama wanaotoka sokoni, na askari wa chifu na baiskeli yake, ambaye alipenda hadithi za garaji kuliko kazi aliyotumwa.

Omoding alipomaliza akafuta, tukasogea. Mwenye gari akainama upande huu, akainama upande ule, akasema, "Mimi naona sura yangu mbaya pande zote mbili."

Basi, jicho liliposhindwa kuamua, midomo ikaingia. Dereva mmoja mzee, mtu wa lori la simenti, akasema kama si Mwingereza hakuna chombo, reli yote hii ni kazi ya Mwingereza. Mwingine akamjibu kwamba Mwingereza ametuachia reli na kutu yake. Mimi nikapanda juu ya ndoo nikawahubiria habari za Mjerumani kana kwamba nimelala kwake. Chuma chake hakichoki, nilisema, mashine hii wajukuu wangu wataipigia polishi magari ya wajukuu wenu.

Omoding alikuwa anapima zile mashine mikononi. Halafu akasema kwa upole, kama alivyosema kila kitu, "Kaka, mashine haishikwi na Mjerumani. Inashikwa na mimi. Hii nzito nikiipandisha mlangoni inashuka yenyewe kama ng'ombe anayeona mto. Hii ndogo inakaa pale ninapoiweka."

Watu wakacheka. Nikamuuliza kama yeye akinunua jembe haangalii limetoka wapi.

"Naangalia kama linalima," akasema.

Wakacheka zaidi. Tanboi mmoja akaniambia, "Boss, fundi wako amekumaliza." Neno hilo, fundi wako amekumaliza, liliniingia kama msumari. Na Omoding, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaona watu wamefurahi akaongeza chumvi kidogo. Akasema, "Huyu kaka yangu siku akiletewa mchumba, kwanza atamgeuza aangalie kama ameandikwa Ujerumani."

Mama mmoja alitua kikapu chini ili acheke vizuri. Hata mimi leo nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Nilikuwa juu ya ndoo, mwanangu, mwenye garaji, na watu wote wananicheka kwa sababu ya mtu anayelala chumbani kwangu. Nikatafuta neno la kumnyamazisha, na neno la namna hiyo halikawii kuja.

Nikasema, "Chombo kisichojulikana kilikotengenezwa hakiaminiki. Na fundi ni vivyo hivyo. Wewe mwenyewe, Omoding, umeandikwa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajaelewa utani wangu, nikaufafanua. Nikasema, "Mtu wa ng'ambo atanifundisha nini?"

Askari wa chifu, ambaye alikuwa anachezea kengele ya baiskeli, akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Lakini jambo lilikuwa limesemwa kwa sauti, mchana, mbele ya watu wote wale, na yeye amevaa sare.

Yule dereva mzee wa simenti ndiye aliyekuwa mwepesi. Akasema haraka, "Ah, huyu ni wa upande wa mama." Akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia mimi. Ilibaki niitikie. Maneno ni yale yale uliyoyasikia: ndiyo, ni wa upande wa mama. Hata mtoto anayaweza.

Nikanyamaza.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nilinyamaza, na jibu ni dogo mpaka linatia haya. Niliona nikiitikia nitakuwa nimeshindwa ubishi. Niliona watasema Mjapani ameshinda.

Omoding alizima mashine. Akakunja waya wake taratibu, duara juu ya duara, akafuta mstari wa chaki kwenye boneti mpaka ukaisha. Kisha akaniambia, "Chukua ya Mjerumani, kaka. Ni nzuri." Askari akamwambia kesho apite ofisini na kipande chake. Omoding akasema sawa, afande, akaenda kunawa mikono.

Na mimi nilifanya nini? Nilidandia lori nikaenda Busia kurudisha ile mashine ya Japani kabla Mhindi hajafunga. Njiani nilikuwa na furaha. Nakwambia ukweli, nilikuwa napiga mluzi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama ameketi mlangoni pa jikoni. Sisi tunamwita mama *toto*, na mtoto mkubwa wa kiume akimwita hivyo kwa sauti fulani anasamehewa mambo mengi. Nilimwita kwa sauti hiyo. Hakuitika. Omoding alikuwa amekwisha kumuaga akaondoka. Habari zote alikuwa nazo, maana Malaba maneno hutembea kuliko lori.

Akaniuliza, "Mmenunua mashine ya wapi?"

Nikasema, ya Ujerumani.

"Na mimi, mwanangu, nimetengenezwa wapi?"

Akasema tena, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Waliposema upande wa mama, ukanyamaza. Huo upande ni mimi. Umeninyamazia mimi mbele ya watu." Akainuka akaingia ndani, na chakula changu nikakikuta kimefunikwa kama kawaida.

Asubuhi nilikimbia kwa yule askari kabla hajafungua ofisi. Nilijitayarisha kumbembeleza. Yeye akanitazama kwa huzuni akaniambia alikuwa anamngoja Omoding aje na mama yangu, aandike kwamba ni mtoto wa nyumba ile, jambo liishe. "Mimi naijua nyumba yenu," akasema. "Lakini wewe ulinyamaza. Ningemwambiaje hivyo pale pale, mbele ya watu?" Kumbe kilikuwa kitu cha kumalizwa asubuhi moja. Lakini Omoding angejuaje? Aliyekuwa na wajibu wa kumhakikishia alikuwa juu ya ndoo.

Nilimtafuta. Chakol kwa jamaa, hawakumwona. Nikasikia kuna kijana wa Kiteso anavuta nyavu kule Sio Port, nikashuka mpaka ziwani, nikapita katikati ya vidagaa vya omena vilivyoanikwa nikiuliza mtumbwi kwa mtumbwi. Alikuwa mtu mwingine. Mambo ya ng'ambo yalipotulia nilivuka nikaenda kwa mjomba. Mzee alinipokea, akanipa kiti, akasema Omoding hakufika pale tangu siku alipovuka kuja kwetu. Hakuniuliza kilichotokea. Nilikaa kwenye kile kiti nikitamani aniulize.

Mpaka leo sijui kama alishikwa njiani, au alienda mbali akajenga, akazaa, akaamua sisi si watu wake. Mama naye amekufa bila kujua. Kila mgeni aliyevuka mto, kabla hajapewa maji, alikuwa anaulizwa na mama kama njiani hakumwona kijana mrefu anayefumba macho akishika kitu.

Kuhusu ile mashine, siwezi kuisema vibaya. Ilikuwa nzuri kama nilivyodai. Ilifanya kazi miaka mingi, ikanijengea jina, ikazaa garaji ya pili. Mlangoni ilikuwa inashuka, kama alivyosema, nami nikazoea kuishikilia kwa goti. Na ile ya Japani aliinunua fundi mmoja wa Busia, nayo ikadumu vile vile. Kwa hiyo katika ubishi ule nilikuwa sawa, na yeye alikuwa sawa, na hata yule dereva mzee aliyemsifu Mwingereza pengine alikuwa sawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji kushinda.

Nakuandikia haya kwa sababu nawasikia vijana wangu hapa garaji wakibishana, hii spana ni ya wapi, ile ni ya China, hii ni ya Ulaya, na nafurahi, kwa sababu fundi asiyebishana kuhusu vyombo hapendi kazi yake. Bishaneni, mwanangu. Ila ubishi wa chuma uuache kwenye chuma. Siku ukiona hoja zimekwisha na watu wanakucheka, shuka kwenye ndoo yako ucheke nao. Utaamka kesho ukiwa mzima. Usichukue siri ya mtu wa nyumbani kwako ukaitumia kama nyundo, hata kwa utani, kwa sababu hujui nani amesimama nyuma na baiskeli. Na kama umeshakosea ukasema, na mtu mwema akakurushia kamba ya kutokea, ishike hapo hapo. Mimi sijutii sana swali nililouliza kama ninavyojutia kile kimya kilichofuata. Swali lilitoka kwa hasira. Kimya nilikichagua.

Haya, enda kazini. Mungu akutunzie mikono na macho. Akupe watu wa kula nao, wa upande huu na wa upande ule. Na siku wote watakapokugeukia wewe kuhusu mtu wako, akutilie neno "ndiyo" mdomoni kabla hujapata nafasi ya kufikiri.