Kingamwili Ndani ya Frigo ya Shangazi

Siku umeme ulipokatika kwenye labo, maabara yetu pale Songo, na jenereta nayo ikakataa kuwaka, mkuu wangu alinikabidhi kichupa kidogo kuliko kidole changu. Ndani mlikuwa na kingamwili, dawa ya kupimia iliyotokana na damu ya sungura. Kazi yake ni kukitafuta kimeng'enya kimoja cha ini la mtu, kile kinachovunja sumu mwilini, na kukishika ili tukione kwa rangi kwenye darubini. Tulikuwa tumekisubiri kichupa kile miezi mingi.

"Kikipata joto tu," aliniambia, "tumekwisha."

Mtu pekee niliyemjua mwenye frigo, jokofu la sola, alikuwa shangazi yangu wa Kilibula, anayeuza juisi ya matunda ya marakuja. Sikumkuta. Nikakitia kichupa kwenye boksi, nikalificha nyuma ya chupa zake, na ili mtu asiliguse nikaandika juu kwa kalamu nene: INI YA MUNTU. USIGUSE. Nikaondoka nimejiridhisha kabisa.

Shangazi akanipigia simu kabla sijafika mbali.

"Weye! Unaniwekea ini ya muntu mu frigo? Minye niko nauzisha juisi!"

Nikarudi mbio. Wateja walikuwa wamesimama uani, mmoja anasukutua mdomo. Pasta wa shangazi alikuwa mbele ya frigo, mlango wazi, mkono juu, anakemea mapepo. Aliomba sana. Mimi nilikuwa natazama baridi inavyotoka.

"Pasta," nikasema kwa heshima, "tunaweza kuomba mulango ikiwa imefungwa?"

Akafumbua jicho moja, akafikiri, akaufunga kwa goti.

Nikawaeleza kwamba hakuna ini mle, ni dawa ya kuangalia namna ini linavyosafisha sumu.

"Sumu gani?" pasta akauliza.

"Nyingi, Pasta. Hata pombe."

"Kumbe hiyo kitu inaweza kuonyesha nani anakunywaka?"

Kabla sijasema hapana, shemasi aliyekuwa amemshikia Biblia alikumbuka ana mgonjwa wa kutembelea, akatoka na Biblia yenyewe.

Shangazi alikubali kichupa kilale kwake, mradi aandike mwenyewe juu ya boksi. Akaandika: DAWA YA SUNGURA. Asubuhi nilipokuja kukiangalia, jirani aliyesoma maandishi yale akabisha na kikapu, ndani mna sungura anayeharisha. Ilinichukua nusu saa kumshawishi arudi naye nyumbani.

Siku ya tatu umeme ulirudi. Tukakijaribu kichupa kwenye vipande vyembamba vya ini vilivyobandikwa kwenye vioo. Nikachungulia kwenye darubini mpaka rangi ya kahawia ilipojitokeza, safi, mahali pake. Nikamwita shangazi aje aone. Aliinama kwenye darubini, kitenge kikimteleza begani.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo, shangazi."

"Iko kama udongo ya mulima ya Rurambo kisha mvua kunyesha," akasema, na akaendelea kuangalia, mkuu wangu amesimama nyuma yake akingojea zamu.