Ngome ya Minyaa ya Kwaluguru

Aliyenitoa nyumbani ni mwalimu mwenzangu wa Korogwe. Nilimwambia nataka kuwapeleka wanafunzi wetu wa historia Kwaluguru, wakaone ngome ya kale ya Wazigua iliyozungushiwa minyaa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ngome bila mawe? Hilo zizi, ndugu yangu!" Basi nikaapa kwenda kuikagua mwenyewe. Nikampigia simu shangazi yangu anayeishi huko kwamba naja, na wanafunzi watafuata.

Asubuhi, Korogwe, nilipanda basi la Handeni nikiwa na sukari ya shangazi na ubishi wangu. Mkonge ukabaki nyuma, nchi ikazidi kuwa kavu, na mahali fulani vijana wa Kimasai wakavusha ng'ombe barabarani bila haraka, honi ya dereva wakiisikia vizuri tu.

Handeni mjini nilichukua pikipiki. Vumbi la njia ile, we acha! Nilifika Kwaluguru mwekundu mpaka kope.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa tofali!"

Shangazi ndiye kiongozi wa akina mama wanaoitunza ngome. Maji niliyanywa tukitembea, kwa jinsi alivyokuwa na hamu ya kunionyesha. Zamani za vita na kukamatana utumwa, wazee walipanda minyaa safu kwa safu kuzunguka nyumba zao, wakaacha mlango mmoja mwembamba wa kupita mtu mmojammoja. Adui aliyejipenyeza kwingine alirukiwa na utomvu mkali wa minyaa machoni, akarudi kwao anapapasa.

"Tumekusafishia," shangazi akasema kwa furaha.

Nikatazama. Lo! Upande mzima wa minyaa ulikuwa umelazwa chini, na vijana wenye mapanga walishafika mlangoni.

"Shangazi, wasimamishe! Mnakata nini?"

"Pori. Mgeni aje na wanafunzi akute pori? Aibu iliyoje!"

"Hilo pori ndiyo ngome yenyewe!"

Kwake ngome ilikuwa uwanja wa ndani, palipokuwa na nyumba, na uwanja wa mgeni hufagiliwa. Mimi nilitaka kulia, maana simu yangu ndiyo iliyonoa yale mapanga.

"Mapanga chini!" akawafokea vijana. Kisha akanigeukia, sauti imepungua. "Marehemu bibi yako alitukataza kuikata. Tukadhani anaogopea macho yetu."

Akaokota tawi, akaligeuzageuza, ghafla akaangua kicheko. "Sasa tunalia nini? Mnyaa ukichomekwa si unaota?"

Mchana kutwa tulichomeka matawi yaleyale kando ya visiki, nguo zimetapakaa utomvu, huku shangazi akinisimamia. "Nyoosha mstari, mwalimu! Hapo adui anapita na mbuzi wake!" Nilicheka hadi nikasahau njaa.

Kesho yake nilirudi Korogwe. Mwenzangu alinipokea kwa kejeli. "Haya, kuta umeziona?"

"Nimeziona. Upande mmoja nimejenga mwenyewe."

Ngome ya mawe ikibomoka huita fundi. Ile yetu ilisubiri mvua tu. Mvua ziliponyesha, shangazi akapiga simu, anapiga kelele kwa furaha. "Mwalimu, ukuta wako umechipua! Walete hao watoto."

"Tutakuja, shangazi. Lini?"

"Siku yoyote. Ila nakuomba, mwanangu, msituambie kwamba mnakuja."