Niliiba Vitz ya Baba, Naye Akanipigia Simu Nimsaidie Kuitafuta

Simu ya baba iliingia saa tisa na dakika kumi alasiri, nikiwa kazini namenya figili.

"Fumie, gari limeibwa."

Nikamuuliza gari gani, kama vile tunayo kumi.

"Vitz. Nimetoka mchezoni, nimekuta mahali pake patupu. Njoo haraka, polisi nimeshamwita."

Nikaweka kisu chini. Nikanawa mikono, nikavua aproni, nikaikunja vizuri. Sikutetemeka wala nini.

Mwizi mwenyewe nilikuwa mimi.

Kabla hamjaanza kunitukana, nisikilizeni kwanza.

Naitwa Igarashi Fumie, nina miaka arobaini na saba. Naishi na baba yangu, mzee Shokichi, miaka sabini na tisa, pembezoni mwa mji wa Sanjo, mkoa wa Niigata. Mama alishafariki. Mume nilikuwa naye, akaenda zake. Napika kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kilomita tisa kutoka kwetu, na naenda kwa basi la asubuhi.

Leseni ya udereva ninayo. Tena ya dhahabu, ile wanayopewa madereva wasio na kosa hata moja.

Siri yake ni kwamba siendeshi. Nikiwa na miaka ishirini na mbili, wiki ya kwanza baada ya kufaulu, nilikata kulia kwenye makutano nikamgonga mzee wa kusambaza magazeti na pikipiki yake. Yule mzee aliinuka, akajipangusa, akaondoka. Mimi ndiye sikuinuka. Tangu siku hiyo sikushika tena usukani. Serikali ikaangalia, ikaona sina makosa, ikanipa dhahabu. Wenzangu kazini wananicheka mpaka leo.

Vitz baba aliinunua mwaka ule mama alipofariki. Lile gari lao kubwa aliliuza, akasema sasa anabeba mtu mmoja na mfuko wa mchele, ukubwa wa nini. Ilikuwa ya bluu, ya mkononi, ndogo, haili mafuta. Aliiosha kila Jumapili. Kwenye kioo alitundika hirizi ambayo mama aliwahi kuichukua hekaluni.

Maneno yalianza Oktoba. Jirani yetu, mama Honma, alinisimamisha getini kwake.

"Fumie mwanangu, mimi sipendi umbea, unanijua."

Namjua. Anaupenda.

"Lakini baba yako simwelewi. Jana saa kumi na moja na nusu asubuhi kapita hapa na gari, mwendo wa kobe. Kafika kwenye kona, kasimama. Katoka, kaangalia barabara, karudi ndani. Kaondoka. Mara huyo, karudi tena kona ile ile! Mara nne, nimehesabu."

"Labda alisahau kitu."

"Si ndicho ninachokwambia? Anasahau njia."

Jioni nikazunguka ile Vitz. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa kuanzia mlango wa mbele hadi nyuma. Ubavu wa kulia safi kabisa.

"Baba, hii mikwaruzo imetoka wapi?"

"Ua wa miti wa mama Honma umenenepa," akasema, akaingia ndani kula.

Nikampigia kaka Takeo, yuko Osaka.

"Mzee kadata huyo," akasema. "Hutazami habari? Kila siku mzee kakanyaga mafuta akidhani breki, kaingia na gari dukani. Unasubiri mpaka aue mtoto wa watu?"

"Ule mtihani wa kumbukumbu wa leseni alifaulu mwaka jana."

"Mwaka jana! Fumie, mnyang'anye ufunguo."

"Njoo umnyang'anye wewe."

"Mimi si niko mbali?"

Kaka yuko mbali mwaka wa ishirini huu, hasa kukiwa na kazi ya kufanya.

Sote watatu, mimi, kaka na mama Honma, tuliongea sana kuhusu baba. Hakuna aliyemuuliza baba asubuhi zote zile alikuwa anakwenda wapi. Nyumbani kwetu hatuna tabia ya kuulizana, na mimi nilikuwa naogopa jibu.

Kila niliposikia injini inawaka alfajiri, nililala macho wazi nikingoja simu ya polisi. Nilikuwa namwona mtoto na begi lake la shule chini ya gurudumu. Wiki tatu hivyo. Mwishowe nikachoka hata kuogopa.

Kwetu muhuri ndiyo saini. Wa baba unakaa kwenye mkebe wa zamani wa chai, pamoja na kadi yake ya ofisi ya mji. Siku moja nikauchukua. Ofisini nikatoa ile kadi, nikaandika tarehe yake ya kuzaliwa, wakanipa cheti cha kuthibitisha muhuri bila swali lolote. Karatasi za mauzo nikazigonga mwenyewe, juu ya meza tunayolia chakula.

Mnunuzi alikuwa bwana Naveed, Mpakistani mwenye yadi kando ya barabara kuu. Ananunua magari yaliyochakaa na kuyapakia melini.

"Hii Dar es Salaam wataigombania," akasema, akiipapasa boneti. "Mzee ameridhika kuiuza?"

"Ameridhika," nikasema.

Alikuja Jumanne, baba akiwa na wenzake uwanjani wanagonga mipira kwa nyundo zao za mbao. Dakika kumi tu, Vitz ikawa juu ya lori. Niliitazama mpaka ikapinda kona, hirizi ya mama ikiyumba kwenye kioo.

Sikuhisi kitu. Nilikuwa kama nimetoka kung'olewa jino, ganzi bado haijaisha. Nikapanda basi la mchana, nikaenda kazini kumenya figili.

Hapo ndipo baba alipopiga simu.

Nilipofika nyumbani, afande Wakatsuki wa kituo chetu kidogo alikuwa ameshakaa mezani, anaandika. Rangi gani, namba gani, mara ya mwisho umeiona lini. Baba alijibu yote bila kukwama. Mpaka namba ya chasi aliitaja kutoka kichwani, na hata hilo halikunishtua.

"Basi mzee, gonga muhuri wako hapa chini."

Baba akaenda kabatini, akarudi na ule mkebe wa chai. Akaufungua.

Muhuri ulikuwa kwenye mkoba wangu. Mkoba ulikuwa chini ya meza, umegusa mguu wangu.

Baba aliangalia ndani ya mkebe kwa muda mrefu. Kisha akaangalia nje, pale gari lilipokuwa likikaa. Akafunika mkebe taratibu.

"Nitaweka kidole," akasema.

Nami, kwa akili zangu zile, nikajiambia unaona, hata muhuri amesahau alipouweka.

Nilimsindikiza afande mpaka getini.

"Afande, ni mimi."

"Nilihisi." Hakushangaa hata kidogo. "Wewe ni wa tatu mwaka huu. Mwingine alimtolea mama yake betri ya gari, yule mama akaenda kununua mpya." Akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni. "Hii siiandikishi. Lakini mwambie mwenyewe, dada. Mzee asikae anangoja."

Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake baba akaniuliza wakati wa chakula, "Polisi wamesemaje?"

"Bado."

"Haya."

Akala wali wake. Kesho kutwa akauliza tena, nikajibu tena. Ikawa ndiyo desturi yetu mpya, anauliza, nasema bado, anasema haya. Mchezoni akaacha kwenda. Theluji ilipoanguka, kila asubuhi alitoka na koleo, akasafisha mahali pa gari tu. Njia ya mlangoni aliniachia mimi. Kukawa na umbo la Vitz limekatwa vizuri katikati ya weupe, nami nalipita kila siku nikienda kituo cha basi.

Wiki tatu hivi baadaye, bwana Naveed akanipigia.

"Dada, ile Vitz imeshakwenda bandarini, lakini tulipoisafisha tulikuta daftari chini ya kiti. Nilitaka kulitupa, nikaona lina jina lako."

Akaniletea kazini. Lilikuwa daftari la shule, la kijani. Juu baba alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kusimama: *Fumie. Nyumbani hadi jikoni kazini.*

Ukurasa wa kwanza: *Tangazo la mtaa linasema basi la asubuhi linafutwa mwisho wa Machi. Fumie hajalisoma. Fumie hawezi kukata kulia. Nitafute njia ya kushoto tupu.*

Kurasa zilizofuata zilikuwa ramani, kachora kwa penseli, kona moja moja, kila moja na namba yake.

*Kona ya 3. Lori la maziwa hupita saa kumi na mbili na dakika kumi. Angoje lipite.*

*Kona ya 5. Nimeijaribu mara nne. Ua wa Honma unaziba kioo cha kona. Asogee kushoto zaidi. Nimekwaruza mimi ili nijue mwisho wake.*

*Kona ya 8. Januari hapa ni barafu.*

*Jumla kilomita kumi na nne badala ya tisa. Si kitu, Vitz haili mafuta.*

Na ukurasa wa mwisho: *Bado kona ya 11, ya shule. Nitaijaribu Alhamisi. Ikikamilika narudisha leseni polisi, macho yamechoka. Gari litakuwa la Fumie.*

Mimi gari nililichukua Jumanne.

Mngependa niseme nilianguka chini nikalia. Hapana. Nilisoma mara mbili, nikalitia daftari mkobani, nikarudi kwenye viazi. Wazee sitini walikuwa wanangoja chakula. Nilikata kidole, nikaona damu ikitoka, nikashangaa mbona hakiumi.

Usiku ule baba akauliza, "Polisi wamesemaje?"

"Bado," nikasema. Hata baada ya kusoma lile daftari. Sijui hata leo kwa nini.

Machi ilipokaribia kwisha, nilirudi kwa bwana Naveed.

"Nataka Vitz."

"Dada, si uliniuzia wewe?"

"Nataka nyingine."

Akanitafutia nyeupe, ya mwaka ule ule. Huku kwetu huandikishiwi gari kabla polisi hawajathibitisha una mahali pa kuliweka, kwa hiyo afande Wakatsuki akaja na futi yake kupima pale pale palipokuwa patupu. Alipima, akaandika, hakunitazama usoni. Mahali ni pa baba, kwa hiyo karatasi ya ruhusa ilimhusu yeye.

Baba akaleta mkebe. Akaufungua. Muhuri ulikuwemo, nilikuwa nimeshaurudisha kimya kimya. Akagonga, akafunika, akaurudisha kabatini.

Jumapili ya kwanza baada ya gari kufika, alfajiri, niliketi kwenye usukani. Daftari nililiweka juu ya dashibodi. Baba akapanda upande wa kushoto, akaliona, akalichukua, akalifungua kama anafungua gazeti lake la kila siku.

"Kona ya kwanza," akasema. "Kushoto. Polepole."

Tulikwenda hivyo. Kona ya tatu lori la maziwa lilipita saa kumi na mbili na dakika kumi kamili. Kwenye ua wa mama Honma nilikwaruza. Baba akasema vizuri, sasa umejua mwisho wake. Mama Honma mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, kikombe mkononi. Kona ya nane barafu ilikuwa imeshayeyuka.

Tukafika kona ya kumi na moja, ya shule. Nikasimama.

"Daftari limeishia hapa," nikasema.

"Ndiyo," akasema baba. "Alhamisi ile sikuwa na gari."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma ukurasa.

Ganzi ile ya miezi yote ikanitoka mara moja. Iliuma kweli kweli.

"Baba, ni mimi niliyeiba."

"Najua," akasema. "Washa indiketa."

"Ya upande gani?"

Baba akageuza shingo, akatazama barabara upande mmoja, akatazama upande wa pili. Hapakuwa na njia ya kushoto pale, hata mimi nilikuwa nimeshaona.

"Kulia," akasema. "Twende, nakuangalizia."

Nikakata.

Ile ya bluu bwana Naveed aliniambia ilishushwa Dar es Salaam. Ukiwa nayo wewe, yenye mikwaruzo ubavu wa kushoto, sitaki kuirudisha. Iendeshe salama. Ila hiyo mikwaruzo, kama haikusumbui, usiipake rangi.

Na kama una mzazi ambaye siku hizi humwelewi, anatoka alfajiri na kurudi bila kusema, usianze na kumficha ufunguo. Panda naye siku moja, ukae upande wa kushoto, umuulize anakwenda wapi. Mimi sikuuliza, na safari yote ile ilikuwa yangu.